Nchi Yenyewe ya Huyo Mchumba wa Violet

Ansab, Muscat
Jumapili mchana, Bibi amelala

Baba Violet, ndugu yangu wa tumbo moja,

Mmeamkaje hapo nyumbani? Mgongo wako umeacha kelele ama bado unatembea kama mtu ameangusha sindano? Na wifi yangu, mguu wake? Mwambie aache kuupaka ile oili ya gari, aki ya Mungu hiyo ni ya gari. Mvua imeshika? Yule ng'ombe mweusi amezaa? Mimi niko mzima kabisa, nimenenepa, Bibi mwenye nyumba anasema nikija sebuleni tumbo linabisha hodi kwanza. Joto la huku wacha tu. Ukianika nguo, ukigeuka zimekauka, ukichelewa zinavunjika.

Nimekuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu wewe simu unaweka spika. Juzi nilitaja jina la Violet tu, nikasikia jirani yako akijibu "ehe?" kabla yako. Haya maneno si ya jirani. Barua anakuletea Wycliffe, yule mlisoma naye, sasa anaendesha lori ya samaki huku na anakuja likizo. Nimeifunga na gundi mara mbili. Ukiona imefunguliwa, muulize yeye.

Sasa. Uliniambia niulizie mambo matatu. Hiyo nchi ya huyo mwanaume iko wapi, nani anaitawala, na watu wake wanakula kutoka wapi. Ukasema mimi ndio senge yake, shangazi wa upande wa baba, na kwetu senge ndiye anaulizia, na nikisema hapana basi ni hapana, mtoto atarudi nyumbani kazi yake ya huku Muscat ikiisha Desemba na hiyo maneno ifungwe. Na najua ulitaka hapana. Sauti yako niliisikia. Ulisema "uliza vizuri" venye mtu husema akitaka ulizwe vibaya.

Nimeuliza. Kaa chini.

Nchi inaitwa Gambia. Nilimwambia Bibi wangu, Bi Zuwena, si unajua yeye ni mzaliwa wa Unguja, anapenda habari za watu kuliko chakula. Akaitisha miwani. Binti yake Mwalimu Salma akaleta kitabu cha ramani cha shuleni, tukainama watu watatu juu ya Afrika. Kenya niliiona mara moja, kubwa, imetulia. Tukaenda upande ule mwingine, magharibi, huko mwisho kabisa penye bahari. Bibi anapapasa na kidole.

"Jerusa, nchi hiyo mie nnaitafuta siioni. Mtoto anakwenda kuolewa au anakwenda kupotea?"

Mwalimu Salma akaweka ukucha. "Hii hapa, Mama."

Mimi niliona ukucha, nchi sikuona. Nikamwambia atoe ukucha. Ndugu yangu, ni uzi! Ni kama mtu alikuwa anashona Senegal akasahau uzi ndani. Senegal juu, Senegal chini, Senegal nyuma, na mbele bahari. Hata jina halikutoshea ndani, wameliandika huko kwa maji, baharini! Bibi alicheka mpaka akaomba panadol. Akasema, "Lo, hiyo nchi au mfereji?" Na kweli ni mfereji, manake ni mto tu na kingo zake. Mto unapita katikati mwanzo mpaka mwisho, nchi imeufuata kama mbwa. Mtu wa ng'ambo hii akitaka kumsalimia mjomba wa ng'ambo ile, zamani alikuwa anangoja feri mpaka anasahau salamu. Daraja kubwa limekuja juzi juzi.

Hiyo ndiyo nchi inataka kuchukua mtoto wetu aliyesoma akamaliza fomu foo.

Nikasema sawa, sasa mwanaume mwenyewe. Anaitwa Pascal, anapaka rangi magari kwa gereji huko Ghala, mtaa wa hapa Muscat, na walijuana na Violet kanisani, hapo hapo Ghala, kwaya. Mkatoliki. Hapo sikupata kitu cha kushika, ingawa nilijaribu. Nikaitisha kikao Ijumaa, huku ndiyo siku ya mapumziko, baada ya misa kwa chumba cha Wycliffe, chenye kiko juu ya gereji ingine. Tulikuwa watu sita wa kusimama badala ya ukoo, kwa sababu ukoo wenyewe mko huko mnavuna mahindi. Mimi, Wycliffe, Mama Joy wa saluni, Mzee Shadrack wa kanisa, na yule bwana na bibi wa Butere. Nilikuwa nimewapitia wote kwa simu wiki nzima, nikawaeleza uzi na ramani na jina kwa maji. Wote walisema, "Hapana Mama Brian, huyo mtoto asipotezwe." Mama Joy hata alilia kidogo, alikuwa anasuka mtu.

Violet akamleta Pascal, nikapika kuku. Firigisi, fungu la mgeni wa heshima, nikampa Wycliffe, mbele ya macho ya mgeni, na mgeni nikampa shingo. Unajua hiyo ni tusi gani kwetu. Huyu akala shingo, akanyonya mifupa, akasema asante. Hata hakujua ametukanwa! Nikamwambia Mama Joy kwa sikio, mtu wa nchi nyembamba amezoea nyama nyembamba.

Halafu nikaanza. Anaongea Kiingereza, Kiswahili chake ni cha kuombea maji tu, kwa hivyo Violet ndiye alitafsiri. Na mahali Violet alitaka kulainisha, nilimwambia, "Sema yote kama nimesema. Mimi si tangazo la radio."

"Muulize mlima wao unaitwaje."

Violet akauliza. Pascal akacheka. "Hatuna mlima, Senge." Ati tayari ananiita Senge.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Kuna vilima, lakini wewe ukivaa viatu virefu unavipita."

"Na hiyo mipaka nani aliichora, alikuwa amelewa?"

Akasema kwao kuna hadithi, ati meli ya Waingereza ilipanda mto ikipiga mzinga kushoto na kulia, penye risasi iliangukia ndio mpaka. Akasema ni hadithi tu, lakini ukiangalia ramani unaweza kuamini. Wycliffe akapiga goti. "Nchi ya kurushwa!" Wote tukacheka, na huyo Pascal akacheka na sisi. Hapo nilikasirika. Mtu ukimtukania nchi anacheka, wewe unashika nini?

Nikaenda kwa serikali. Akasema mwanajeshi alichukua nchi akiwa bado kijana, akakaa zaidi ya miaka ishirini, watu wakiongea kwa minong'ono. Siku moja akashindwa kura. Akakubali. Halafu baada ya siku chache akakataa, ati alikuwa amekubali vibaya. Mpaka nchi za jirani zikaleta majeshi mpakani ndipo akapanda ndege akaenda zake. Nikamwambia Violet, "Muulize, yaani mtu amekaa sebuleni kwenu amekataa kutoka, mkangoja jirani aje amtoe?"

Violet hakutaka kutafsiri hiyo. Nikasema sema. Akasema.

Pascal akaweka kikombe chini. "Ndiyo," akasema. "Mama yangu alifunga mlango wiki mbili tukingoja."

Mzee Shadrack akakohoa. Nikaendelea, mimi nikianza sijui kusimama.

Uchumi. Hapa ndio utacheka. Njugu! Wanalima njugu. Wanauza njugu, wanapika njugu, mchuzi ni njugu, wanamwagia wali. Mvua inanyesha miezi michache tu, kisha vumbi, na huo wali wenyewe mwingi unatoka nje kwa meli. Kitu ingine ni wazungu, wanakuja kuota jua ufukweni wakati kwao kuna baridi, halafu wanarudi. Nikamwambia, "Kwa hivyo nchi yenu inaishi na kuuza jua na njugu." Akasema, "Na samaki." Nikasema, "Na samaki, haya." Akasema, "Na watu, Senge. Tunauza watu." Nikashtuka. Akasema anamaanisha wale wametoka nje kama yeye, wanatuma pesa nyumbani, na bila hao wengi wasingekula. Akasema kaka yake mkubwa alipita njia ya jangwa kwenda Ulaya, na tangu akiwa Libya hawajasikia sauti yake.

Nikasikia watu wa gereji chini wakigonga chuma. Mke wa bwana wa Butere akamwongezea chai.

Usifikiri nililegea. Nikamwambia posa kwetu ni ng'ombe. Akasema kwao huanza na kola. Nikauliza kola ni nini, akasema ni aina ya njugu. Njugu tena! Chungu, ati unatafuna. Nikamwambia Baba Violet hatafuni njugu chungu, kwa Baba Violet ni ng'ombe. Akasema, "Sawa, ng'ombe," kama mtu ameambiwa aongeze sukari.

Basi nikageukia watu wangu. Nikasema, "Mmesikia wenyewe. Nchi ni mfereji, serikali ni ya kutolewa na jirani, uchumi ni njugu na jua. Mimi naandikia ndugu yangu hapana. Kuna mwenye neno?"

Hakuna. Mama Joy akatikisa kichwa, "Hapana ni hapana." Bwana wa Butere akasema, "Senge amesema." Wycliffe anachokonoa meno na kiberiti. Mzee Shadrack akasema tuombe, tufunge.

Violet akasimama. Huyo mtoto wako, Baba Violet, ni mpole lakini akisimama anafanana na mama yetu. Akasema, "Senge, hapa hakuna mtu amesema neno lake. Wote wamesema lako."

Nikasema, "Nyamaza, wakubwa wanaongea."

Akasema, "Wakubwa hawaongei. Unaongea wewe." Halafu akamgeukia Pascal, "Waambie venye nyinyi hupiga kura."

Sikia hii sasa. Ndugu yangu, hawa watu kwa miaka mingi wanapiga kura na bano! Bano, zile gololi za kuchezea za vioo. Hakuna karatasi. Kila mgombea ana pipa lake lenye rangi na picha, limefungwa juu, lina tundu. Unapewa bano moja, unaingia mahali umejificha, unaitumbukiza kwa pipa la mtu wako. Ndani kuna kengele. Bano ikigonga inalia, ting, nje wanasikia umepiga mara moja. Ukitumbukiza mbili zinalia mbili, unashikwa. Chini wanaweka mchanga ndio isilie tena. Na siku hiyo baiskeli haziruhusiwi karibu, kwa sababu ya kengele zake. Ilianzishwa manake wengi hawakujua kusoma.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Rais wa bano! Nikamwambia Violet, na hiyo ndiyo serikali unataka kuzalia watoto?

Lakini Wycliffe, huyo mbeba barua wako, aliacha kuchokonoa meno. Akasema, "Mimi naona tujaribu." Bila kungoja akashuka gereji, akarudi na zile gololi za chuma za ndani ya beringi, sita, zimefutwa grisi. Pascal akachukua mikebe miwili ya maziwa ya unga, akatoboa vifuniko, akafunga kijiko na uzi ndani ya kila mmoja kining'inie chini ya tundu, akaweka mchanga. Mikono yake inafanya haraka lakini haina pupa, nilimwangalia. Wakaweka mikebe nyuma ya pazia la kitanda. Mwekundu, aende. Wa bluu, arudi nyumbani. Halafu Pascal mwenyewe akatoka, akaenda kukaa kwa ngazi na Violet, wakafunga mlango.

Nikasema haya, tucheze watoto. Nilijua ni sita kwa bila. Wote walikuwa wameniambia kwa midomo yao!

Bwana wa Butere akaingia. Ting. Mke wake. Ting. Mama Joy akaingia na mkoba wake, ting. Wycliffe, ting, akatoka anatazama dari. Mzee Shadrack alikaa huko nyuma mpaka nikafikiri amelala kitandani, kisha ting. Nikaingia mimi wa mwisho.

Wacha nikwambie kitu, na usimsomee jirani. Nyuma ya pazia hakuna mtu. Hakuna wa kucheka ukisema, hakuna wa kukuangalia. Nimesimama na hiyo chuma mkononi imepata joto, na kichwa changu, kile hakinyamazi hata nikilala, kikanyamaza. Nikamkumbuka yule mwingine, yule wa Nairobi, unamkumbuka? Yule tulimpenda sote. Alisema yeye ni meneja wa duka la magari hapa Wattaya, nikakupigia simu, ukachinja mbuzi. Kumbe alikuwa anayaosha hayo magari, na hiyo si dhambi, mimi naosha choo. Dhambi ni kwamba alikuwa na bibi Thika na watoto, na alijibu kila swali langu vizuri sana. Huyo alitoka nchi kubwa yenye mlima wa theluji. Violet alilia miezi, mnajua nyinyi kwa simu, mimi najua kwa macho, alikuwa analala kwa mguu wangu. Huyu wa mfereji nimemtafutia uongo saa tatu nzima. Nimempiga nchi, nimempiga rais, nimempiga njugu, na kila nikimpiga anasema ndiyo Senge ni kweli. Hata jambo la kaka yake angeweza kulificha.

Nikatumbukiza. Ting.

Wycliffe akaleta mikebe kwa meza. Tukamwita Violet na Pascal waingie waone. Akafungua kwanza ule wa bluu, wa arudi nyumbani. Akamwaga kwa sinia. Mchanga. Akapapasa kwa vidole. Mchanga tu na kijiko.

Akafungua mwekundu. Gololi sita.

Ndugu yangu, sijawahi ona wanafiki kama hawa! Tulitazamana kama watu wamekutwa na kuku wa jirani chini ya shati. Mama Joy ndiye alianza, "Mama Brian, si wewe ulisema hapana?" Nikamwambia, "Na wewe si ulilia kwa simu?" "Nililia kwa sababu ulikuwa unapiga kelele!" Bwana wa Butere akasema yeye alikubali tangu siku ya kwanza lakini mimi simpi mtu nafasi ya kupumua. Mke wake akamwambia, "Na mimi hukuniambia!" Mzee Shadrack alikaa tu akifuta miwani, ati yeye alimwachia Roho. Roho gani ananiacha niongee saa tatu bure na kuku imeisha?

Violet alikuwa anacheka na kulia, uso umejaa machozi. Pascal hakujua afanye nini na mikono yake. Nikamwambia kwa Kiswahili, taratibu ndio ashike, "Hiyo nchi yako bado ni takataka." Akasema, "Ndiyo, Senge."

Jioni nikamwambia Bi Zuwena. Aliniangalia chini ya miwani. "Wewe Jerusa khaswa ndiwe mtawala wao. Ishirini miaka watu wananong'ona." Nikamwambia Bibi, kunywa dawa yako.

Basi majibu yako ni haya. Iko wapi: ndani ya Senegal kama uzi. Nani anatawala: yule walimchagua wao, na wa kabla yake aliondolewa kwa nguvu. Wanakula nini: njugu, na jasho la watu kama mimi walio nje. Ukiuliza kama nchi hiyo inafaa, haifai, sijabadilisha hata neno moja, na nitaicheka mpaka siku ya harusi na hata mbele ya wazazi wake. Lakini uliniambia niulizie nchi, hukuniambia niulizie mwanaume. Huyo nimemuulizia bila kutumwa.

Watakuja mwaka ujao, yeye na mjomba wake mmoja, manake tiketi za ukoo mzima hawawezi. Msiwacheke mlangoni. Wakileta kola, pokea, tafuna moja mbele yao usikunje uso. Ng'ombe mtaongea. Kuku wapikiwe, na usijifanye mjanja na vipande kama mimi.

Nisalimie wifi yangu sana, na yule shemeji wako wa posho mill ya kusaga unga, mwambie deni la maneno yake nakumbuka. Nisalimie shangazi mkubwa, muelezee polepole, kwa sikio la kulia. Nisalimie mwalimu wa Sunday school aliyemfundisha Violet kuimba, hii yote ni kazi yake. Brian wangu mwambie avae viatu, mama yake hajafa. Na jirani yako, huyo wa "ehe?", msalimie pia, ameshasikia sasa.

Mimi senge yake nimeulizia, kama ulivyonituma. Hapana huku Muscat nimeitafuta kwa watu sita na haikupatikana. Ukiitaka bado, ndugu yangu, itabidi uiseme wewe, kwa mdomo wako, kwa Violet mwenyewe, na spika ikiwa imezimwa.

Ni dada yako mkubwa,
Jerusa, Mama Brian